Kwa Nini Orodha Moja Hujaa na Nyingine Hurudi Tupu



Kila siku ya mshahara orodha hupita. Hupita langoni mwa kiwanda, hupita katika mashamba ya miwa wakati nyapara anapopima kazi, na siku hizi hupita pia ndani ya simu, katika makundi ya ujumbe ambamo wengi wetu tumeingizwa bila kuulizwa. Mchango wa matibabu, mchango wa mazishi, mchango wa karo, mchango wa mabati ya kanisa au msikiti. Hakuna mfanyakazi kati ya Busia na Tororo ambaye hajaandika jina lake katika orodha ya namna hiyo. Wala hakuna, tukisema kweli, ambaye hajawahi kuiona ikija akakumbuka ghafla kwamba ana haja ya kwenda chooni.

Mwaka uliopita tawi letu lilipitisha orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijana wa zamu ya usiku ambaye mkono wake ulikamatwa na mkanda wa mashine. Alilazwa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa huko ndiko alikopatikana daktari wa mifupa, na hospitali ikadai malipo kabla ya kumpasua. Kwa muda wa siku tatu kiasi kilichotakiwa kilitimia na kupita. Walitoa watu wa zamu zote, wakatoa wapishi wa kantini, wakatoa hata vibarua ambao kazi yao ilikuwa inakwisha wiki ile ile.

Orodha ya pili ilikuja mwezi uliofuata. Hiyo ilikuwa ya kuanzisha mfuko wa dharura wa tawi, ili siku nyingine mtu akiumia tusianze kukimbizana usiku na karatasi. Kwa hesabu yoyote ile, jambo la pili lilikuwa la maana kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa la mtu mmoja na la pili la watu wote. Orodha ilirudi na majina 11, na 5 kati ya hayo yalikuwa ya wajumbe wa kamati wenyewe.

Katika mkutano baadhi ya wazee walikasirika, wakasema wafanyakazi wa siku hizi hawana umoja. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukukubali. Watu walikuwa wale wale, mshahara ule ule, na kati ya orodha ya kwanza na ya pili ulipita mwezi mmoja tu. Moyo wa mtu haubadiliki kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo tulianza kuuliza, na kusoma, ili tujue ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu mwenye mshahara mdogo atie mkono mfukoni kwa ajili ya jambo lisilo lake.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Wengi wetu hatujui kwamba mojawapo ya mashirika makubwa duniani yanayokusanya fedha za watu wengi kwa njia ya intaneti lilianza na watu wa Tororo. Mwaka 2004 Mmarekani mmoja, Jessica Jackley, alikuwa akifanya kazi Afrika Mashariki na shirika lililowapa watu wa vijijini mitaji midogo ya biashara. Mumewe wa wakati huo, Matt Flannery, fundi wa programu za kompyuta huko California, alikuja kumtembelea. Waliona watu hodari wa kazi ambao walipungukiwa mtaji tu. Mwaka 2005, wakisaidiana na mchungaji mmoja wa Tororo, waliweka kwenye intaneti picha na habari za wafanyabiashara wadogo 7, akiwamo muuza samaki na mfuga mbuzi. Mtaji wote uliotakiwa ulikuwa dola 3,500. Wakawaandikia barua jamaa na marafiki, wale wale waliokuwa wamewaalika katika harusi yao, na fedha zikapatikana kwa siku chache.

Shirika hilo wakaliita Kiva. Wanasema ni neno la Kiswahili lenye maana ya umoja. Sisi tuliouliza sokoni hatukumpata mtu aliyewahi kulitumia, lakini hilo si kosa kubwa. Hadi sasa mikopo iliyopitia Kiva imepita dola bilioni 2. Mtu hutoa kuanzia dola 25. Si sadaka, ni mkopo, na mtoaji hapati riba hata senti moja. Mkopo ukilipwa anaweza kuchukua pesa zake au kumkopesha mtu mwingine.

Basi tujiulize. Mtu wa California hajui Osukuru iko upande gani. Hatakula samaki wa yule mama. Hakuna nyapara anayemtazama, hakuna chifu aliyembishia mlango. Kwa nini atoe?

Waanzilishi wa Kiva walipata jibu lao la kwanza katika picha. Hawakuomba fedha za kupunguza umaskini wa Afrika. Waliomba kiasi kinachojulikana kwa ajili ya mtu anayejulikana, mwenye sura, mwenye meza ya kuuzia samaki. Jambo hili limepimwa na wataalamu pia. Mwaka 2007 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa Marekani: watu walilipwa dola 5 kwa kujibu maswali, kisha wakaombwa wachangie wenye njaa Afrika. Waliosomewa habari za msichana mmoja wa miaka 7 kutoka Mali, aitwaye Rokia, walitoa kwa wastani dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14, chini ya nusu. Na jambo la ajabu ni hili: waliopewa habari za msichana pamoja na takwimu hawakuzidisha, bali walishuka hadi dola 1.43. Takwimu ziliupoza moyo.

Hapo tukaona kosa letu la kwanza. Kijana wa zamu ya usiku alikuwa na jina, na kila mtu alikuwa amemwona akitolewa nje kwenye machela. Mfuko wa dharura haukuwa na sura ya mtu yeyote. Karatasi yetu ilisema tu: "Kwa maendeleo na ustawi wa wanachama wote." Mambo ya watu wote mara nyingi huonekana kama si ya mtu.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu picha ina ubaya wake. Mwenye uso wa huruma hupata, na mwenye shida ile ile ambaye hajui kujieleza hukosa. Sisi wenyewe tumeshuhudia: kijana mchangamfu akiugua, kiwanda kizima kinatikisika, mzee mkimya wa kufunga magunia akiugua, orodha inazunguka wiki mbili. Isitoshe, picha inaweza kusema zaidi ya ukweli. Mwaka 2009 mchumi David Roodman aliandika kwamba katika Kiva mkopo mara nyingi huwa umekwisha kutolewa na shirika la nchini hata kabla picha ya mkopaji haijaonyeshwa, na kwamba pesa za mtoaji huenda kulijaza shirika lile na si mkononi mwa yule mama wa kwenye picha. Tena mkopaji hulipa riba kwa shirika la nchini, ingawa mtoaji hapati riba. Hakuna wizi ndani yake, maana ndivyo mikopo midogo inavyoendeshwa, lakini watoaji wengi hawakujua, nao walijisikia kama waliodanganywa. Kiva ilibadili maelezo yake ikasema wazi namna kazi inavyokwenda.

Watoaji wale hawakuacha kutoa. Hili lilitufundisha kuliko yote. Tena hata huko Uganda, miaka michache baada ya kuanza, Kiva iligundua kwamba shirika mojawapo lililoshirikiana nao lilikuwa limefuja fedha nyingi. Wangeweza kunyamaza. Waliwaambia watoaji wao waziwazi, na shirika likaendelea kukua. Linganisheni na desturi ya kamati zetu, ambapo shilingi elfu mbili zikipotea, mweka hazina hukwepa watu kwa miezi sita, na mambo hutatuliwa "kimya kimya ili tusijiaibishe". Aibu yenyewe huanzia katika ukimya huo. Tulipouliza watu 20 wa tawi letu kwa nini hawakutia jina katika orodha ya pili, wachache sana walisema hawana pesa. Wengi walisema, kwa maneno yanayofanana: "Ule wa mwaka juzi uliishia wapi?"

Wenzetu, lazima tukiri. Mwaka juzi tulichanga kwa ajili ya turubali na viti vya mazishi. Viti vilinunuliwa, turubali likanunuliwa, kila kitu kipo. Lakini hakuna aliyesimama kusema kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka. Hapakuwa na mwizi, ila hapakuwa na hesabu, na kwa yule aliyetoa, hayo mawili hayana tofauti kubwa.

Jambo la tatu ni kundi. Kila mtoaji wa Kiva ana mahali pa kueleza kwa nini anakopesha, na watafiti wamesoma maelfu ya majibu hayo. Wapo wanaosema dini yao inawaamuru. Wapo wanaosema waliwahi kusaidiwa walipokuwa na shida. Wapo wanaosema tu kwamba wanapenda kuona mtu akijitegemea. Lakini tangu mwaka 2008, Kiva iliporuhusu watoaji kuunda vikundi, ilionekana kwamba aliyejiunga na kikundi hutoa zaidi kuliko alipokuwa peke yake. Miongoni mwa vikundi vilivyokuwa vikubwa kabisa ni cha watu wasiomwamini Mungu na cha Wakristo, navyo vikashindana vikali ni nani amekopesha zaidi. Muuza samaki hajali. Pesa za wote wawili zinanunua samaki. Sisi pia tunaijua habari hii. Mwambie mtu wa zamu ya mchana kwamba zamu ya usiku wamefikisha elfu kumi, utaona.

Kuonekana jina kuna nguvu ya zamani sana. Mwaka 1885 Marekani ilikuwa imepewa na Ufaransa ile Sanamu ya Uhuru, lakini fedha za kujengea msingi wake zikapungua, na matajiri hawakutaka kutoa. Mwenye gazeti mmoja, Joseph Pulitzer, akaahidi kulichapa jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti moja. Kwa miezi mitano hivi zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Vibarua na watoto wa shule walifanya lililowashinda matajiri. (Gazeti nalo liliuzwa sana, usidhani Pulitzer alilala njaa.)

Ila kuonekana jina ni moto: unapika, na pia unaunguza. Wazee wetu wa upande wa Kenya wanaikumbuka harambee tangu mwaka 1963, Mzee Kenyatta alipolifanya neno hilo la wavuta mizigo kuwa wito wa taifa. Kazi kubwa ilifanyika. Shule nyingi za sekondari za vijijini zilijengwa kwa kuku, kwa mahindi na kwa shilingi za watu. Chuo cha WECO kule Kakamega, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilianza kwa nguvu hiyo hiyo miaka ya 1970. Watu walitoa kwa sababu mtoto atakayesoma pale alikuwa wao, na jengo waliliona likipanda tofali baada ya tofali.

Baadaye mambo yalipinda. Mgeni wa heshima alikuja kutangaza donge lake mbele ya kipaza sauti, na mchango ukawa kampeni. Kwa mwananchi mdogo ukawa kodi: asiyekuwa na risiti ya harambee aliweza kurudishwa dirishani alipofuata huduma ya serikali. Viwandani nako kulikuwa na makato yaliyokatwa kwenye mshahara bila mtu kuulizwa. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 nchini Kenya iliwakataza watumishi hao kutumia vyeo vyao kuchangisha, na mnamo Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki katika harambee. Mtu aliyelazimishwa mara nyingi hujifunza jambo moja: kujificha. Hii ndiyo sababu wengine wetu, tukiona karatasi ya mchango, miguu inakimbia kabla ya akili kufikiri.

Na mtu akidhani Wakenya wamechoka kutoa, na atazame mwaka 2011. Ukame ulipoivamia kaskazini mwa nchi, shirika la Msalaba Mwekundu, kampuni ya Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha mchango wa Wakenya kwa Wakenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Fedha na vitu vilivyotolewa vilipita thamani ya shilingi bilioni 1, na mwenye shilingi 10 kwenye simu aliweza kushiriki. Simu iliondoa kikwazo kimoja kikubwa: aibu ya kutoa kidogo. Mtu hakulazimika kupanda jukwaani na shilingi 10 zake mbele ya mheshimiwa. Tena mwaka 2024 mwanahabari kijana, Hanifa Adan, alichangisha kwa njia hiyo zaidi ya shilingi milioni 30 kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliouawa katika maandamano, kisha akaeleza hadharani zilivyotumika. Hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alikuwa na madhumuni ambayo watu waliyaona kwa macho yao, naye alitoa hesabu.

Tunakuja sasa kwenye sababu ambayo kwa mfanyakazi ndiyo mama wa zote. Mtu hutoa akijua kwamba kesho inaweza kuwa zamu yake. Vikundi vya mazishi vya vijiji vyetu, ng'ambo hii na ile, vimeishi kwa kanuni hiyo bila katiba iliyopigwa chapa. Hautazamwi utajiri wako. Hutazamwa kama ulikuja kwa jirani yako alipofiwa. Leo kwake, kesho kwako.

Na kanuni hiyo inaweza kuvuka bahari. Mwezi wa Agosti 1889 makuli wa bandari ya London waligoma wakidai peni 6 kwa saa. Walikuwa wengi, hawakuwa na akiba, na baada ya majuma machache njaa ilikuwa karibu kuwarudisha kazini wakiwa wameinamisha vichwa. Ndipo fedha zikaanza kuwasili kutoka Australia, mwisho wa dunia: jumla zilipita pauni 30,000. Makuli wa huko, na watu wengine wengi, walichanga kwa ajili ya watu ambao hawatawaona kamwe. Mgomo ukashinda mwezi wa Septemba, na vyama vya vibarua wa Uingereza vikapata nguvu vilivyokuwa havijawahi kuwa nayo. Kwa nini walitoa? Wengi walikuwa wametoka Uingereza wenyewe au wazazi wao. Lakini pia zilikuwa meli zile zile. Marobota ya sufu yaliyopakiwa Sydney yalipakuliwa London, na kuli wa Sydney alijua uzito wake begani. Yeyote anayepakia magunia ya saruji Tororo, akijua yatashushwa upande wa pili na mtu mwingine mwenye mgongo kama wake, atalielewa jambo hilo bila mwalimu.

Baada ya kuyaona hayo yote tulirudi kwenye orodha zetu mbili, na hapo tukakuta jambo lililotuuma.

Kijana yule aliumia kazini, juu ya mashine, ndani ya saa za kazi. Nchini Kenya ipo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na Uganda ipo sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Zote mbili zinamtwika mwajiri mzigo wa mtu aliyeumia akiwa kazini. Sisi tulichanga kwa siku tatu, tukajipongeza kwa umoja wetu, na kwa kufanya hivyo tukailipa bili ambayo haikuwa yetu. Ofisi ya mwajiri ilitoa sukari na unga, ikapiga picha. Fomu ya kuarifu ajali ilikuwa haijajazwa. Hatusemi kwamba tulikosea kutoa. Mkono ulikuwa unaoza na daktari hakungoja sheria. Tunasema kwamba orodha iliyojaa ilipaswa kuwa mkopo tu, wa kungojea fidia, na kwamba orodha iliyorudi tupu ndiyo ingegharimia nauli ya kwenda ofisi ya kazi, nakala za karatasi za daktari, na wakili ikibidi. Yaani tulijaza ile ya kumpunguzia mwajiri, tukaiacha ile ya kumdai.

Hakuna mtu aliyelieleza hivyo langoni. Laiti lingeelezwa, tunaamini majina yasingekuwa 11.

Kwa hiyo tawi limeiandika upya orodha ya pili. Haisemi tena "maendeleo na ustawi". Inasema kwamba mfuko huu kazi yake ya kwanza ni kufuatilia fidia ya kijana wetu hadi ilipwe, na kila hatua itakayofikiwa itaandikwa. Kijana mwenyewe ameturuhusu kulitaja jina lake langoni, ingawa hapa ukurasani hatulitaji. Fidia ikipatikana, ameahidi kurudisha mfukoni sehemu ya kile kilicholipwa hospitali, ili kimfae mwingine, kama vile zile dola 25 zinavyozunguka kutoka kwa muuza samaki hadi kwa mfuga mbuzi.

Kiasi tunachotafuta kimeandikwa wazi, si "chochote ulicho nacho". Mtu akijua kinachobaki ni kidogo hupenda kumalizia. Ndiyo maana hata huko Marekani lipo shirika la Kickstarter, lililoanza mwaka 2009, ambalo lengo lisipotimia mtoaji hakatwi kitu. Sisi tumeweka sharti kama hilo. Tusipofikisha lengo kwa miezi miwili, kila mmoja atarudishiwa chake.

Kuhusu majina tulibishana sana. Wengine walitaka kila jina libandikwe pamoja na kiasi chake, ili wavivu waone haya. Wengine, na hasa akina mama wa idara ya kupakia, walikataa: mwenye watoto sita hawezi kulinganishwa hadharani na asiye na mzigo. Mwishoni tulikubaliana jina lionekane bila kiasi, na jumla ya kila zamu ionekane. Ushindani ubaki wa zamu kwa zamu.

Liko pia suala la mpaka, ambalo matawi ya bara hawalijui. Wenzetu wanaoishi upande wa Uganda hulipwa na kutuma kwa shilingi ya Uganda, wa Kenya kwa shilingi ya Kenya, na bei ya kubadilisha haisimami. Tena kutuma kidogo kidogo hula ada. Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu mwezi wa Julai 2018. Kelele za wananchi ziliifanya ishuke mwaka ule ule hadi nusu ya asilimia, na ibaki kwenye kutoa pesa tu, lakini ipo. Basi daftari letu lina safu mbili, ya shilingi hizi na ya shilingi zile, na hazichanganywi hadi siku ya kulipa, mbele ya mashahidi watatu, kwa bei ya siku hiyo ambayo itaandikwa. Simu ya mfuko haitakaa na mtu mmoja pamoja na namba yake ya siri: laini iko kwa mweka hazina, namba ya siri wanaijua wawakilishi wawili wa zamu, mmoja nusu ya kwanza na mwingine nusu ya pili. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba tunawashuku. Mweka hazina wetu, ambaye ni mzee wa miaka mingi kazini, alisema yeye ndiye aliyeliomba jambo hilo, maana amechoka kusingiziwa.

Hesabu ya viti na turubali la mwaka juzi tumeitafuta na kuipata. Zilibaki shilingi 740. Zimeandikwa kama mchango wa kwanza katika daftari jipya, na karatasi yake imebandikwa kwenye ubao karibu na bomba la maji. Orodha yenyewe itapita langoni siku ya mshahara, zamu ya usiku ikitoka na ya asubuhi ikiingia. Kiasi kinachobaki kitaandikwa kwa chaki kila jioni, chini ya karatasi hiyo.